Uzuri wa Moyo Haupimwi kwa Rula

Mahubiri yanayowataka wanawake Wakristo wautangulize uzuri wa moyo mbele ya urembo wa mwili yamekuwa mengi nchini, na karibu yote huishia pale pale: urefu wa sketi, rangi ya kucha, suruali, nywele za bandia. Huo ni ukaguzi wa mavazi uliovishwa joho la Injili. Anayehubiri kwamba Mungu hutazama moyo, kisha akasimama mlangoni mwa kanisa kukagua magoti, amejikanusha kwa macho yake mwenyewe.

Tuyafungue Maandiko. Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya tatu, unawaasa wanawake kwamba pambo lao liwe utu wa ndani, wenye upole na utulivu. Wahubiri wengi hufunga Biblia hapo. Wangeendelea hadi aya ya saba, wangekuta waume wakiagizwa kuwaheshimu wake zao kama warithi wenza wa neema, la sivyo sala zao zitazuiliwa. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo nao unataja dhahabu, lulu na mavazi ya gharama. Hivyo ni vitu vya matajiri; mwanamke anayelima kwa jembe la mkono hakuwa navyo wakati ule, na leo pia hanavyo. Tena, simulizi ambamo Mungu anamfundisha nabii Samweli asihukumu kwa sura inamhusu mwanamume: Eliabu, mwana wa Yese, mrefu na mwenye umbo la kuvutia. Sijui ni kwa hila gani fundisho hilo liligeuzwa kuwa mzigo wa wanawake peke yao.

Dola nayo ina ugonjwa huo huo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na dawa za kung'arisha ngozi, na wanawake wakavamiwa na vijana mitaani Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Septemba 2018 Spika wa Bunge alipiga marufuku kope na kucha bandia kwa wabunge. Juni 2021 mbunge wa Momba alitolewa ukumbini baada ya mbunge mwenzake, mwanamume, kulalamikia suruali yake.

Sasa tuitazame Litapunga, kata ya Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Hakuna mkoa uliokuwa juu zaidi. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Mahali penye takwimu kama hizo, swali la mavazi ya msichana ni la kumkwepa mwanamume aliyempa mimba.

Hapa ndipo unafiki wetu unapoonekana. Katika madhehebu kadhaa, msichana mjamzito asiye na ndoa hutengwa na ushirika hadi atubu hadharani. Mwanamume aliyempa mimba huendelea kuimba kwaya, kwa kuwa tumbo huonekana na ubaba hauonekani. Je, kuna kuhukumu kwa sura ya nje kuliko huko? Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi wenyewe leo ni kanisa linalong'aa kwa sare na sketi ndefu, huku ndani likimficha mkosaji.

Nitaambiwa kwamba natetea mkorogo. La hasha. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo huharibu figo, na ni zebaki ile ile inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu. Lakini hiyo ni hoja ya afya: iwakabili wauzaji na mamlaka za udhibiti kabla ya kumwaibisha mnunuzi kanisani.

Wachungaji, basi, wahubiri aya ya saba kwa sauti ile ile wanayohubiria aya ya tatu. Kama adhabu ya kanisa ni lazima, iwaguse wawili au isimguse yeyote. Nanyi watumishi wa umma, mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurejea shuleni. Mtendaji anayeruhusu kesi imalizwe kimyakimya, na mwalimu mkuu anayemzungusha mama kijana anapotaka kurudi darasani, hao ndio wanaohitaji mahubiri ya moyo. Mavazi yao, bila shaka, ni nadhifu.