Bawabu wa Ghala: Nani Aruhusiwe Kufungua Kumbukumbu Zetu?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zama zetu zimeongeza msiba wa pili: daftari lenyewe laweza kusomwa na asiyehusika, au likageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe, naye asiwe na habari. Ndiyo maana leo nimechagua mada ambayo kwa sikio la kwanza ni ya mafundi wa kompyuta peke yao, nayo ni kuunganisha ghala la data la mtandaoni na kituo kimoja cha utambulisho. Msimamo wangu nautaja mapema. Muungano huo ni mwema pale unapowabana wanaotunza kumbukumbu zetu. Ni wa hatari pale unapotubana sisi wenye kumbukumbu bila kutuachia njia ya kujitetea.

Huenda mwanafunzi akauliza, mambo haya yanamhusu nini mtu wa Chovae? Yanamhusu sana. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya watu wa Chovae, Chula, Koyama na Kismayo. Wengi walikimbilia pwani ya Kenya, na baadhi wakafika Ulaya. Waliondoka kwa majahazi na mashua, wengi wao bila karatasi yoyote. Asiye na karatasi hupimwa kwa vipimo vingine. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu Wabajuni, na moja ya hoja zake kuu ilikuwa uwezo wa mtu kusema Kibajuni. Lugha ya mama ikawa kitambulisho. Tangu hapo, kila ofisi aliyopita mkimbizi ilibaki na kitu chake: picha, sauti, alama za vidole, na jina lililoandikwa kwa tahajia ya karani. Vitu vya aina hiyo havikai tena kabatini tu. Siku hizi huhifadhiwa katika kompyuta zilizo mbali, ambazo mwenye alama hizo hajaziona wala hatoziona.

Tuanze na ghala. Mwezi Machi 2006 kampuni ya Amazon ilifungua huduma iitwayo S3, na kampuni nyingine zikafuata mfano huo. Katika ghala la namna hii, kila faili ni furushi moja lenye jina lake na lebo zake. Mtu hukodi nafasi, akaweka picha, hati au sauti kwa mamilioni, kisha huliita furushi analolitaka kwa anwani yake. Ofisi ndogo haihitaji tena kujenga chumba cha mitambo. Swali hubaki moja: nani afungue?

Njia ya kale ilikuwa kutoa ufunguo wa kudumu, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ufunguo huo huandikwa ndani ya programu, ukanakiliwa na huyu, ukatumwa kwa yule. Mtumishi akiacha kazi, huondoka nao. Ghala likifunguliwa usiku wa manane, daftari huonyesha kwamba ufunguo ulitumika, lakini haliwezi kusema ni mkono wa nani ulioushika.

Njia ya pili ni kuweka bawabu mmoja, yaani kituo cha utambulisho. Kila mtumishi hujitambulisha kwake, naye humpa hati fupi iliyotiwa sahihi ya kidijitali. Kanuni moja inayotumika sana kwa kazi hiyo, OpenID Connect, ilikamilishwa mwaka 2014. Ghala halimwulizi mtumishi neno lake la siri; hukagua sahihi ya bawabu, kisha humpa ruhusa ya muda. Katika huduma ya Amazon ruhusa hiyo yaweza kuwekwa iishe baada ya dakika 15. Mtumishi akiondoka, jina lake hufutwa mahali pamoja na milango yote humfungia. Na kila tendo huandikwa kwa jina la mtu. Naunga mkono mpango huu bila kigugumizi, kwa kuwa unawafanya wenye mamlaka wawe na majina.

Hapa wanafunzi wa lugha watulie kidogo. Kutokana na kitenzi tambua tumepata tambulika, tambulisha, kitambulisho na utambulisho. Utambulisho hujibu swali, "Wewe ni nani?" Idhini ni neno jingine kabisa, hujibu swali, "Umeruhusiwa kufanya nini?" Baharini tofauti hii haimtatizi mtu: kumjua baharia kwa jina si kumkabidhi usukani. Maofisini, hata hivyo, maneno haya mawili huchanganywa kila siku, na gharama yake ni kubwa. Mwaka 2019 mvamizi alipita katika kinga iliyopangwa vibaya ya benki ya Capital One ya Marekani, akajipatia ruhusa za muda za mtambo mmoja. Kwa kuwa mtambo huo ulikuwa umepewa idhini pana kupita kiasi, alinakili kutoka ghala la mtandaoni taarifa za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada. Ruhusa zilikuwa za muda, lakini idhini haikuwa na mpaka.

Bawabu mmoja naye ana hatari zake. Ya kwanza ni kuugua. Tarehe 14 Desemba 2020 mfumo wa utambulisho wa Google ulikwama kwa takriban dakika 47, na watu duniani kote wakashindwa kufungua barua zao. Barua zilikuwepo salama, aliyekosekana ni bawabu wa kusema, "Huyu namjua."

Hatari ya pili ni kuibiwa muhuri wake. Mwaka 2023 ilibainika kwamba wavamizi walikuwa wamepata ufunguo wa Microsoft wa kutia sahihi, wakajiandikia hati za utambulisho, wakasoma barua za taasisi zipatazo 25, zikiwemo ofisi za serikali ya Marekani. Hawakuhitaji kuvunja mlango, kwa kuwa mlango uliwaamini.

Hatari ya tatu inatugusa sisi tuliotawanyika. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wavamizi wamefikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa waliopotezana na jamaa zao kwa vita, uhamaji na majanga. Walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021, kwa kupitia udhaifu ambao haukurekebishwa katika programu ya kuthibitisha watumiaji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huo ulikuwa mlangoni penyewe. Mifumo ilibidi izimwe, na kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikiwaunganisha watu 12 kwa siku na familia zao ikavurugika. Kwa mama anayemtafuta mwanawe, ufa wa programu si jambo la mafundi peke yao.

Mpaka hapa nimezungumzia utambulisho wa watunzaji. Kuna utambulisho wa watunzwaji, nao una sheria nyingine. Kumfahamu kila karani anayefungua furushi langu ni haki yangu. Kuunganisha mafurushi yote yanayonihusu, ya hospitali, ya kambi, ya shule na ya uhamiaji, ili ofisi moja iamue mimi ni nani, ni jambo linalohitaji sheria, sababu na njia ya rufaa.

Jirani zetu wa Kenya wametupa somo. Katika kaunti za kaskazini mashariki, Garissa ikiwemo, kuna raia ambao wakati wa ukame waliandikishwa kambini kama wakimbizi ili wapate chakula, baadhi yao wakiwa watoto. Walipofikia umri wa kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zilionekana katika daftari la wakimbizi, na maelfu wakanyimwa uraia wao kwa vitendo. Mtambo haukusema uongo: kidole kilikuwa kile kile. Uliokosekana ni mlango wa kusema, "Nilikuwa na njaa, lakini mimi ni mwana wa nchi hii." Sisi tunaopita Kiunga na Ras Kambooni, tulio na jamaa pande zote mbili za mpaka, tuna sababu ya kulikumbuka somo hilo.

Mahakama za Kenya hazikunyamaza. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mfumo wa Huduma Namba uendelee kwa sharti la kuwepo kanuni za kisheria zinazofaa, na ikazuia ukusanyaji wa vinasaba na mahali hasa pa makazi ya mtu. Tarehe 14 Oktoba 2021 ikaamua kwamba utoaji wa kadi ulianza bila kutathmini kwanza athari zake kwa ulinzi wa data, kama sheria ya mwaka 2019 inavyoagiza. Somalia nayo ilipata sheria yake ya ulinzi wa data mwezi Machi 2023, na mwezi Septemba mwaka huo huo ikazindua kitambulisho cha taifa. Tuna bahati kwamba sheria ilitangulia. Lakini sheria isiyoulizwa na raia ni sawa na ngalawa iliyofungwa ufukoni: ipo, haivui.

Wapo watakaosema kwamba watu wa visiwani wana shida kubwa kuliko hizi: maji, shule, usalama, soko la samaki. Ni kweli. Hata hivyo, wakati wa kugawa vitu hivyo ndipo karani huuliza jina na kidole. Anayekosewa katika daftari hukosewa katika ndoo ya maji pia.

Basi raia anayeombwa picha na alama zake za vidole na aulize maswali manne, kwa adabu na kwa sauti inayosikika. Nani ataruhusiwa kulifungua furushi langu, na kwa muda gani? Kila anayelifungua ataandikwa wapi? Bawabu akikwama, je, nitahudumiwa kwa njia nyingine au nitarudishwa nyumbani? Na daftari likikosea, nani aliye juu ya mtambo atakayenisikiliza?

Ofisi inayoweza kujibu yote manne inastahili kuaminiwa. Isiyoweza, hata iwe na ghala la kisasa namna gani, haijawa tayari kupokea amana ya watu. Wanafunzi, chukueni maneno haya matatu, utambulisho, idhini na amana, mtunge kwa kila moja sentensi inayohusu ofisi mnayoifahamu. Atakayeweza kuyatofautisha kwa Kiswahili fasaha hatodanganywa kwa urahisi dirishani.