BUSTANI YA NYUMBANI: Panda marakuja, hata kama kiwanja ni kidogo

Mwezi huu tuzungumzie marakuja, ambayo wenyeji hapa Tanzania wanaita pasheni au karakara. Kwenye mgao tunazoea unga, maharagwe, mafuta na chumvi, matunda hayamo. Marakuja yana vitamini A na C, na mmea wake hautaki nafasi kubwa kwa sababu unapanda juu. Majani hubaki mabichi mwaka mzima, kwa hiyo kivuli nacho unapata.

Kuna wazazi wanaosema: "Nipande kitu cha kungoja mwaka mzima, na mimi sijui mwaka kesho nitakuwa wapi?" Swali hilo ni la haki. Lakini wengi wetu tulisema hivyo hivyo tulipofika, na watoto waliozaliwa wakati ule leo wanasoma. Ukiondoka, jirani atakula. Na mbegu zake zinaenea kwenye pindo la kitenge.

Fanya hivi:

1. Toa mbegu kwenye tunda lililoiva, osha utelezi, kisha panda kwenye kopo la mafuta lililotobolewa chini. Kwa kawaida huota baada ya wiki 2 hadi 4.

2. Mche ukifika sentimita 30 hivi, uhamishie kwenye shimo la nusu mita lenye samadi iliyooza. Usipande mahali maji yanapotuama, mizizi itaoza.

3. Upandishe kwenye mti ulio hai au ua imara. Usikate miti ya porini kutafuta nguzo. Usiuache ulale juu ya shitingi, ni mzito.

4. Mwagilia kwa maji uliyooshea mboga, na funika udongo kwa nyasi kavu.

5. Marakuja ya zambarau huweza kuzaa hata mmea ukiwa mmoja. Ya njano huhitaji chavua ya mmea mwingine, inayoletwa na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Basi patana na jirani, kila mmoja apande wake. Msipofanya hivyo, mtaona maua tu.

ANGALIA: tunda changa na majani yana sumu. Waambieni watoto wasichume mabichi. Wangoje tunda libadilike rangi na kuanguka lenyewe.

Haya, kazi njema. Tukutane mwezi ujao!