Usinunue gasketi ya eksozi kabla hujapima uso wa hedi

Leo mbegu na mbolea tuziweke pembeni kidogo. Mvua za kwanza zinakaribia, matrekta yanatolewa kwenye vivuli, na mengi yanatoka na ule mlio wa tsi-tsi-tsi upande wa injini, masizi meusi yamejichora pembeni ya hedi, na dereva anakohoa kabla hata hajafika shambani. Wengi mnajua kinachovuja: gasketi ya manifodi ya eksozi. Na wengi mnajua mtakachofanya: kumtuma kijana dukani alete gasketi, yoyote ile, fundi aifunge, kazi iendelee.

Mimi nasema hapo ndo tunapopotezea hela. Gasketi ya eksozi haichaguliwi na bei, wala haichaguliwi na neno "orijino" lililoandikwa kwenye boksi. Inachaguliwa na uso wa chuma inapokaa. Kama hujapima uso huo, hujui unanunua nini, na mwenye duka naye hajui anakuuzia nini.

Fanya hesabu ndogo ya mfano, weka bei za kwako. Gasketi moja shilingi 20,000, fundi 30,000. Hiyo ni 50,000. Ikiungua mara tatu kwa msimu ni 150,000, na kila mara trekta limelala siku nzima wakati wateja wako wa kulimiwa wanakusubiri. Eka ulizokosa kulima siku hizo tatu ndizo zinazouma kuliko gasketi yenyewe. Mteja akiona mvua imeshanyesha na wewe bado uko gereji, anamwita mwingine, na mwakani hakupigii tena.

Kwa nini inaungua tena na tena

Chuma kikipata joto kinarefuka. Manifodi ya chuma cha kumimina yenye urefu wa sentimita 60, joto lake likipanda kwa nyuzi 400, inarefuka kwa zaidi ya milimita 2. Hedi iliyoshikana nayo inapozwa na maji ya rejeta, kwa hiyo yenyewe hairefuki kiasi hicho. Maana yake, kila unapowasha na kuzima injini, manifodi inateleza juu ya gasketi, inakwenda na kurudi. Fanya hivyo kwa miaka 30 kwenye Massey Ferguson ya mzee aliyekuachia shamba, halafu ongeza nati zilizolegea na maji ya mvua kuingia kwenye bomba la eksozi. Manifodi inapinda. Ncha zake zinainuka, katikati panabana.

Ndiyo maana nasema gasketi ya zamani usiitupe. Isome kwanza. Kama imeungua kwenye matundu ya pembeni tu, huku ya katikati ni mazima, manifodi imepinda. Kama ina mistari myeusi kuzunguka matundu yote, nati zililegea. Kama imekatika karibu na stadi moja, yaani ile bolti isiyo na kichwa, angalia stadi hiyo. Huenda imevunjika ndani na nati imekaa pale kama pambo.

Halafu pima. Safisha nyuso zote mbili, weka rula ya chuma iliyonyooka kukatiza matundu yote, pitisha fila geji chini yake. Kitabu cha injini yako kina kipimo chake, kifuate. Kama huna kitabu, fila ya milimita 0.2 ikipita, mimi ningeipeleka manifodi ikasawazishwe kwa wanaochonga hedi. Ni kazi ya mara moja, na ndiyo inayofanya gasketi ya bei yoyote idumu.

Tahadhari moja: gasketi za injini za zamani, hasa zile za nyuzinyuzi za kijivu, zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake linaharibu mapafu na linaleta saratani. Usizikwangue zikiwa kavu, na usizipulize kwa kompresa. Zilowanishe kwanza, zitoe taratibu, zifunge kwenye mfuko.

Sasa chagua

Uso ukiwa umenyooka na laini, chukua gasketi ya tabaka za chuma. Haiungui kirahisi na inavumilia ule mtelezo niliousema. Ila haisamehe: ukiifunga kwenye uso wenye mashimo ya kutu, itavuja siku hiyo hiyo.

Uso ukiwa na mikwaruzo na vishimo vidogo, lakini haujapinda, grafaiti yenye bati la chuma katikati inafaa zaidi. Ni laini, inajaza vishimo. Udhaifu wake ni kwamba pale hewa inapoingia na joto ni kali, grafaiti inaliwa taratibu. Kwa hiyo nati zikilegea, haitakusubiri. Nyingine zina upande mmoja wa bati na upande mmoja laini. Kwa kawaida upande wa bati unaangalia manifodi ili manifodi iteleze. Maelekezo ya mtengenezaji yakisema tofauti, yafuate.

Kwa injini ambayo gasketi yake haipatikani kabisa, shaba nyekundu ni rafiki. Fundi mwenye mkono mzuri anaikata kutoka kwenye bati akifuata umbo la manifodi. Kabla ya kufunga, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe. Hapo inakuwa laini na inakaa vizuri. Ukiifungua baadaye, ipashe tena uirudishe kazini. Lakini inataka kukazwa upya baada ya siku za mwanzo.

Kuna vijana wananiuliza mbona kwenye video za magari ya zamani ya mbio ya Marekani wanafunga gasketi nene na laini, na wanaisifia. Ni kweli, na wana sababu. Eksozi za magari yale ni mabomba membamba yaliyochomelewa kwenye bamba. Bamba hilo linajikunja katikati ya bolti na bolti, kwa hiyo linataka kitu kinene cha kujaza nafasi, au shaba. Manifodi ya trekta lako ni chuma kizito, hakijikunji kati ya bolti. Ukiwekea gasketi nene na laini juu ya manifodi iliyopinda, umenunua muda wa wiki chache tu. Dawa ya gari la mbio si lazima iwe dawa ya Perkins ya silinda tatu.

Hilux au Land Cruiser ya zamani ya kubebea mazao nayo ipimwe vivyo hivyo. Kama umeifungia turbo, zingatia zaidi, kwa sababu uvujaji kabla ya turbo unaiba ule msukumo unaoizungusha: gari linakosa nguvu mlimani na linatoa moshi mweusi. Kwa dizeli isiyo na turbo, tuwe wakweli, uvujaji mdogo hauli mafuta kama watu wanavyodai. Hasara yake iko kwingine, nitafika.

Visivyofaa

Silikoni nyekundu. Naijua, iko kila duka, na kwenye kifuko wameandika joto kali. Joto lake linaishia nyuzi 300 na kidogo. Moshi wa dizeli inayovuta jembe kwenye udongo mzito unaweza kupita nyuzi 500 pale unapotoka kwenye hedi, na wa petroli unazidi hapo. Silikoni itakuwa majivu kabla hujamaliza eka ya kwanza. Karatasi ya gasketi ya pampu ya maji nayo vivyo hivyo, na bati la kopo la rangi pia.

Bolti za kawaida za duka la vifaa vya ujenzi nazo hapana. Tumia nati za shaba au za chuma cha kuhimili joto, ili mwakani zifunguke bila kuvunja stadi.

Kufunga

Anzia katikati, nenda pembeni, kwa awamu tatu, si kwa mkupuo. Kwa stadi za milimita 8, injini nyingi zinataka kati ya Nm 20 na 25. Kama huna spana ya kupimia, Nm 25 ni sawa na kuvuta kama kilo 10 kwenye mpini wa sentimita 25. Si nguvu ya kuning'inia! Fundi anayeongeza bomba kwenye spana ili akaze eksozi, mwambie taratibu, mzee wangu, hapo ndipo stadi zinakatika. Washa injini, ipate moto, izime, ipoe kabisa, halafu kaza tena, isipokuwa kama maelekezo ya gasketi yanakataza.

Kisha hakikisha. Injini ikiwa ya baridi na inaunguruma taratibu, mwenzako azibe mdomo wa eksozi kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache tu, wewe sikiliza na uangalie upande wa hedi. Mlio unaosikika asubuhi na kupotea injini ikipata moto haujapona. Chuma kimetanuka tu kikaziba, kesho asubuhi utaurudia.

"Msimu hausubiri"

Najua mtaniambia hivyo, na ni kweli. Mvua ikishanyesha, hakuna mtu anayepeleka manifodi kuchongwa mjini huku majirani wanapanda. Lakini hiyo ni sababu ya kuifanya kazi hii sasa, kabla ya mvua. Haigeuki kuwa sababu ya kuiacha. Tunapima udongo kabla ya kununua mbolea. Kwa nini chuma kinachotulimia tukinunulie dawa bila kukipima?

Na hasara niliyosema nitafika ni hii. Kwanza, moto. Moshi ukitokea pembeni badala ya kupanda bombani, unachoma waya, mipira ya mafuta na makapi makavu yaliyojikusanya kwenye injini. Wakati wa kuvuna, cheche moja inatosha kuondoka na shamba na mashine.

Pili, pumzi. Dereva anakaa nyuma ya injini saa nane au kumi kwa siku. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Huyo dereva mara nyingi ni mdogo wako.

Tatu, na hili ndilo linalonifanya niandike: pampu za petroli za umwagiliaji. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Wapo wanaoteremsha pampu kisimani ili ivute maji vizuri, au kuifungia bandani isiibiwe, na kutegemea bomba refu la eksozi lipeleke moshi nje. Bomba hilo likiungwa kwa gasketi inayovuja, moshi unabaki humo ndani na mtu. Anaanza na kichwa kuuma, anadhani ni jua. Anakaa chini apumzike, hainuki. Na hata gasketi ikiwa nzima, pampu ya petroli isiwashwe kisimani wala ndani ya banda. Ikae nje, kwenye upepo. Kama maji yako mbali, tafuta pampu ya kuzamisha ya umeme au ya sola.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya jembe kuingia ardhini, mwombe fundi afungue, mpime pamoja, halafu ndo uende dukani ukiwa unajua unachotaka. Akikuambia rula na fila geji ni kupoteza muda, mwulize gasketi ya mwisho aliyokufungia ilidumu eka ngapi.

Kazi njema, na msimu uwe wa baraka.