Gari Lisiuzwe na Siri Zake

Magari mengi yanayowahudumia wananchi wa Mkoa wa Katavi yalianza kazi mahali pengine, mikononi mwa watu wengine. Yapo yaliyotembea miaka mingi katika barabara za Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Yapo pia yaliyotumikia idara za Serikali, miradi na mashirika ya misaada, kisha yakauzwa mnadani. Gari la namna hiyo linapofika Mpanda, Inyonga au Karema, mara nyingi huja na jambo ambalo mnunuzi hakuonyeshwa: nyaya zisizojulikana ziendako, na vifaa vya umeme vilivyofichwa nyuma ya dashibodi ambavyo hakuna ajuaye kazi yake.

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, la kuzungumzwa na mafundi chini ya mwembe. Sisi hatukubaliani nao. Barabara itokayo Mpanda kwenda Sumbawanga hupita Sitalike na kukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Gari likizimika humo usiku, abiria wake hawana nyumba ya kubisha hodi, na wanyama wakali hawana subira. Aidha, waya wenye moto ukikwaruzana na bati la gari huweza kuliteketeza lote pamoja na mali iliyomo. Kwa mkulima au mfanyabiashara aliyeweka akiba ya miaka mingi katika gari moja, hiyo si hasara ndogo.

Kwanza hatuna budi kutofautisha mambo, maana si kila waya usio na kazi ni adui. Viwanda vya magari hutengeneza fungu moja la nyaya kwa ajili ya magari ya madaraja mbalimbali. Gari la bei ya chini hupewa nyaya zilezile za gari la bei ya juu, ila kifaa chenyewe hakifungwi. Ndiyo sababu soketi tupu huonekana nyuma ya dashibodi au chini ya kiti. Nyaya hizo hutambulikana kwa urahisi: zimezungushiwa utepe wa kiwandani au kuingizwa katika bomba laini, rangi zake zina mpango, na ncha zake zina soketi safi. Hizo ziachwe zilivyo.

Kundi la pili ni vifaa alivyofunga tajiri wa kwanza wa gari huko lilikotoka. Japani ilianza kueneza mfumo wa kulipia barabara bila kusimama mwaka 2001, na magari mengi ya huko yana kijisanduku cha kazi hiyo ambacho bado husema Kijapani kila ufunguo unapozungushwa, kikiulizia kadi ambayo Katavi haina kazi. Vilevile, redio za magari ya Japani zilitengenezwa kupokea masafa ya FM kati ya megahezi 76 na 90, hali stesheni zetu husikika kati ya 87.5 na 108. Kwa sababu hiyo mafundi wetu huongeza kisanduku cha kubadilisha masafa nyuma ya redio. Mnunuzi wa tatu au wa nne akikiona hudhani ni kitu cha hatari, naye fundi asiyeuliza hukikata.

Kundi la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwetu, nalo ni vifaa vilivyofungwa hapa hapa nchini. Mkoa huu una historia ya magari ya huduma. Katumba ilipokea wakimbizi kutoka Burundi tangu miaka ya 1970 mwanzoni, na Mishamo ikafuata mwaka 1978. Kazi za misaada na za hifadhi katika maeneo ya mbali hutegemea simu za upepo, na gari lenye simu hiyo huvutiwa nyaya mbili nene kutoka kwenye betri moja kwa moja. Gari linapouzwa, simu hung'olewa, lakini nyaya mara nyingi huachwa. Waya mnene wa aina hiyo, ukiwa hauna fyuzi karibu na betri na ncha yake ikiwa wazi, ni kiberiti kinachosubiri kuwashwa. Betri ya gari huweza kutoa mamia ya ampea kwa kishindo kimoja, na hakuna plastiki inayostahimili moto wa namna hiyo. Na kama simu yenyewe imebaki, mwenye gari akumbuke kwamba matumizi ya masafa ya redio hutaka kibali cha mamlaka ya mawasiliano.

Katika kundi hilohilo kuna vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti. Kumfuatilia dereva si kosa kwa wenyewe. LATRA hutumia mfumo huo kudhibiti mwendo wa mabasi ya mikoani, na faida yake kwa maisha ya abiria inajulikana. Lakini kifaa kilichofungwa na tajiri wa zamani kikiachwa ndani ya gari lililouzwa, mtu aliyekwisha kupokea fedha yake huendelea kujua wewe unalala wapi na unakwenda shamba saa ngapi. Baadhi ya vifaa hivyo huweza hata kuizima injini kutoka mbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa kwa ajili ya wakubwa wa mijini peke yao; mkazi wa Mishamo na wa Kibaoni wanayo haki hiyohiyo.

Yako pia madhara ya kimya kimya. Kifaa kilichosahauliwa hunywa umeme usiku na mchana. Gari zima lililozimwa kwa kawaida hutumia umeme mdogo sana, usiozidi sehemu ya ishirini ya ampea moja. Kifaa kikiongeza matumizi hayo hadi nusu ya ampea, betri ya ampea-saa 50 humalizika kwa saa mia moja, yaani siku nne na kidogo. Mwenye gari hununua betri mpya, nayo hufa. Hununua nyingine, nayo hufa. Fedha huteketea huku mwizi akiwa amekaa nyuma ya redio.

Dawa si mkasi. Tabia ya baadhi ya gereji ya kukata kila waya wasioutambua ni ya kuipiga vita. Fundi akikata nyaya za king'ora zilizounganishwa na swichi ya kuwashia, gari haliwaki tena. Akigusa kwa taa ya kupimia nyaya zenye ganda la manjano, huenda amegusa mfuko wa hewa wa kumlinda dereva, ambao huweza kulipuka usoni pake. Nyaya hizo huachiwa mwenye ujuzi nazo, baada ya kufungua kichwa cha athi cha betri na kusubiri dakika kadhaa.

Kazi ya kutambua ina utaratibu wake, wala haihitaji mitambo ya ughaibuni. Fundi apime kwa mita umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na milango imefungwa. Achomoe fyuzi moja baada ya nyingine, mpaka mita ishuke. Fyuzi hiyo ndiyo itakayomwonyesha njia. Kwa waya uliotoka kwenye betri bila kupita boksi la fyuzi, aufuate kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Viungo vilivyosokotwa na kuzungushiwa utepe wa dukani ni dalili kwamba kifaa kiliongezwa baadaye. Akikipata, asome maandishi yake, akiondoe kwa kufungua viungo, azibe ncha zote, kisha aandike alichofanya katika karatasi itakayokaa ndani ya gari. Karatasi hiyo itamwokoa fundi ajaye.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika wote. Idara, mashirika na watu binafsi wanaouza magari yao wamkabidhi mnunuzi orodha ya vifaa vilivyofungwa na vilivyong'olewa, na nyaya za simu za upepo ziondolewe zote kabla ya nyundo ya mnada kugongwa. Makampuni ya kufuatilia magari yafunge huduma mara gari linapobadili mikono, isipokuwa mnunuzi akiitaka kwa hiari yake. Vyuo vya ufundi navyo viwafikie mafundi walioko kazini kwa mafunzo mafupi ya umeme wa magari, maana wengi wao walijifunzia gereji kwa kutazama, na magari ya leo hayafunzwi kwa macho peke yake.

Nanyi wanunuzi, msione haya kuuliza. Kabla ya kuhesabu noti, mwambieni muuzaji aeleze kila swichi na kila kisanduku. Asiyeweza kueleza apunguze bei au agharimie ukaguzi. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, na usiku wa barabara ya Sitalike una giza la kutosha tayari.