Nani Kasema cha Bure ni Kibovu?

Anayevuka Daraja la Mkapa kushika njia ya Lindi hupita Chumbi, kwenye mpunga wa bonde la Rufiji. Kikundi cha wakulima wa huko kikitaka tangazo la katuni la mchele wao, la kurusha WhatsApp, fundi wa kwanza atakayeulizwa Ikwiriri au Kibiti huenda akawa na jibu lililozoeleka: kazi nzuri inataka programu za kulipia, hizi za bure ni za kuchezea watoto. Rahisi ghali, atasema, na mazungumzo yataishia hapo.

Imani hiyo ni potofu, na inamuumiza zaidi mtu wa kijijini.

Machi 2025 dunia nzima ilishuhudia. Filamu ya Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitwaa Oscar ya filamu bora ya vibonzo mbele ya Inside Out 2 ya Pixar na The Wild Robot ya DreamWorks. Inamhusu paka anayeponea mashuani nchi ikimezwa na mafuriko, kisa ambacho watu wa Rufiji na Kibiti, walioona maji yakifunika mashamba na nyumba Aprili 2024, hawahitaji kuelezwa. Picha zake zilitengenezwa kwa Blender, programu huria ambayo yeyote anaipakua bila kulipa senti. Filamu iligharimu takriban euro milioni 3.5, ni kweli. Leseni ya Blender haikuchukua hata thumni ya fedha hizo.

Wala programu hiyo haikuokotwa. Mwaka 2002, kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipokwisha kufungwa, mwasisi wake Ton Roosendaal alichangisha euro 100,000 kwa wiki saba, akaikomboa, na msimbo wake ukaachiwa watu wote. Anayeipakua leo anatumia kitu ambacho wenzake walishakilipia.

Turudi kwenye mchele. Fundi anamchora mama mkulima kwa Inkscape, kila kipande kwenye tabaka lake: bega, kiwiko, kiganja, ungo. Anavihamishia Synfig, anavifunga kwenye mifupa, na mkono unaanza kupepeta. Sauti inarekodiwa kwa Audacity chumbani, blanketi zito likiwa limetundikwa ukutani kupunguza mwangwi. Kdenlive inaunganisha vyote. Sekunde 30 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 720. Kila fremu ikichukua sekunde 10 kukamilika, kompyuta inamaliza kwa saa mbili. Programu zote nne ni huria kama Blender; zikishapakuliwa mara moja, zinahamishwa kwa flashi hata kwenye kompyuta kumi, na hazili bando wakati wa kazi.

Wapo wanaozidharau huku wenyewe wakitumia programu ya kulipia iliyokrakiwa. Huo ni uvunjaji wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kraki ni mlango wa virusi vinavyoweza kufuta kazi ya mteja usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi.

Jambo moja wanalisema kwa haki: kujifunza ni kugumu, na mafunzo mengi ni ya Kiingereza. Lakini programu huria inatoa ruhusa ya kuliondoa tatizo hilo. Mwaka 2004 mradi uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Leseni inaruhusu Synfig ifanyiwe vivyo hivyo, hata na vijana wawili watatu wa Kibiti.

Kikundi cha Chumbi kimlipe fundi vizuri kwa mkono wake na jicho lake. Kabla ya kumalizia malipo, kimdai mafaili yote ya kazi pamoja na video. Mavuno yajayo bei ya gunia ikibadilika, kijana yeyote mwenye kompyuta atayafungua, ataandika bei mpya, na tangazo litafika kwenye simu za wateja wa Dar es Salaam jioni ileile.