Tamthilia Husomwa kwa Kusimama

Si ajabu kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu kule Mbagala au Manzese, jijini Dar es Salaam, aliyesomeshwa miaka saba ya msingi kwa Kiswahili kisha akatoswa ghafla katika Kiingereza, huipokea tamthilia kama adhabu. Kwani aghalabu hununuliwa pamfleti, akahimizwa kuhifadhi dhamira na sifa za wahusika, hata akaingia katika chumba cha mtihani pasina kuwahi kutamka kwa sauti kauli moja ya mhusika yeyote.

Mwalimu mwenye kuipenda kazi yake hafanyi hivyo. Akifikia Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, husukuma madawati ukutani, akawagawia vijana nafasi za baba, babu na wachumba, kisha akawaacha wagombanie mahari ya Juliette, binti aliyerudi kutoka shuleni na kukuta mkulima ameshatoa faranga 100,000, ilhali mtumishi wa serikali yu njiani na 200,000. Watoto wa Tandika, ambao wamekwisha kuona washenga wakishindana jamvini nyumbani kwao, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Na kwa tamaa ya kushinda hoja, hukisema Kiingereza ambacho jana walikionea haya.

Wala tusidhani kuwa Shakespeare yu mbali nao. Pale Pugu, pembezoni mwa mji huu, Julius Nyerere alisomesha tangu 1953 hadi alipojiuzulu 1955 kwa ajili ya chama cha TANU. Na mwaka 1963, akiwa Rais mwenye dola changa mikononi, tarjuma yake ya Julius Caesar ilipigwa chapa, ikafuatiwa 1969 na Mabepari wa Venisi. Basi na wasimame wawili, mmoja Brutus, wa pili Antony, wahutubie kwanza kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, kisha kwa Kiingereza: kijana aliyeshuhudia mikutano ya kampeni katika viwanja vya Mwembe Yanga anajua barabara jinsi umma unavyogeuzwa nia.

Nitaambiwa kwamba madarasa yamefurika. Naam, lakini umma wa Roma nao wataka watu. Udhia wa kweli ni alama: maadamu kuigiza hakuhesabiwi popote, mwalimu mwenye bidii ataonekana mchezaji. Wizara na iagize kwamba sehemu ya alama za maendeleo, zile zinazotolewa shuleni kabla ya mtihani wa taifa, itokane na tamthilia iliyochezwa mbele ya darasa. Na mkuu wa shule akija kulalamikia makelele, apewe nafasi ya Kaizari.