Mto Hauanzi Darajani

Zile picha mnazijua. Vijana thelathini wenye tisheti za rangi moja, glavu mikononi, magunia ya chupa za plastiki mbele yao, na nyuma Sosiani unapita polepole na rangi yake ya chai. Kuna mheshimiwa fulani ameshika reki kwa dakika mbili. Kesho yake picha zinazunguka kwenye simu zetu, na baada ya wiki mbili chupa ziko palepale.

Simcheki anayeokota takataka. Afadhali yeye kuliko anayezitupa. Ninachopinga ni ile stori tunayouziwa pamoja na tisheti: kwamba mto ni mchafu kwa sababu watu ni wachafu, na kwamba dawa yake ni magunia, hotuba, na kuwafukuza vijana wanaoosha magari ukingoni. Stori hiyo ni tamu kwa sababu haimgharimu mtu yeyote mwenye pesa.

Mto hauanzi darajani. Mvua ikinyesha juu ya ukingo wa Keiyo, tone linaloanguka upande wa mashariki huteremka hadi Mto Kerio na kuelekea Ziwa Turkana. Linaloanguka upande wetu hupita msitu wa Kaptagat, huingia Ellegirini au Endoroto, hufika bwawa la Two Rivers, hukatiza Eldoret, kisha Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria kupitia Budalang'i, kule tunakokuona kwenye habari kila mafuriko yakija. Katika safari hiyo yote, hakuna kilomita moja isiyo na mtu anayeitegemea kwa riziki. Bonde la mto ni ramani ya maji, na pia ni ramani ya kazi za watu. Ukiisoma ramani ya kwanza bila ya pili, utaishia kuokota chupa.

Tuanze juu. Kaptagat dunia inaijua kwa sababu ya Eliud Kipchoge na wenzake wanaofanyia mazoezi kwenye barabara zake za udongo mwekundu. Lakini msitu ule ni mahali pa kazi pia. Kuna mkulima anayepanda viazi katikati ya miche ya serikali na kuitunza mpaka ikomae kiasi cha kumfunika, ule mfumo wa shamba ambao sasa umepewa jina la kitaalamu. Kuna mama wa kuni. Kuna mfugaji. Halafu kuna viwanda vya mbao, plaiwudi na nguzo za stima hapa mjini, vinavyolisha familia nyingi za mitaa yetu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, watu wa mbao walilia. Rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, watu wa mazingira walikimbilia mahakamani. Kila upande uliongea kana kwamba upande wa pili hauna tumbo, au hauna kiu.

Shuka kidogo, uingie mashamba. Uasin Gishu ni ghala la mahindi na ngano la nchi hii, na mbolea isiyochukuliwa na mmea hufuata maji. Mashamba makubwa yanagawanywa kuwa plotti, na mtu akibaki na kipande kidogo chenye kinamasi, atakichimbia mitaro akikaushe apande kitu, au atapanda mikaratusi kwa sababu nguzo zina soko. Huwezi kumlaumu, karo haingoji. Lakini kinamasi ndicho sponji ya mto. Hunywa maji ya masika na kuyaachilia taratibu kiangazi. Ukikikausha, unapata mto unaofurika mvua ikikolea na kukonda kama uzi Januari. Mitungi ya njano ikipanga foleni mtaani kwako, sababu moja iko kwenye mtaro uliochimbwa mbali sana na mtaa huo.

Sasa fika mjini. Langas, Huruma, Munyaka: plotti moja, vyumba vingi, choo cha shimo kona hii, kisima kifupi kona ile. Utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu maji ya Langas ulionyesha kwamba visima hivyo vilikuwa na vimelea vinavyotokana na kinyesi. Hao watu hawakosi adabu ya usafi. Wanakosa bomba la maji taka. Na yule kijana wa kuosha magari, pamoja na fundi wa gereji anayemwaga oili chafu kwenye mtaro, na mama wa sukuma wiki anayelima ukingoni, wote watatu wako pale kwa sababu moja: maji ni ya bure na mahali pengine pana kodi.

Sheria inasema ukingo wa mto uachwe wazi, kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto. Vizuri. Lakini utepe wa kupimia una tabia ya ajabu: unaona sukuma haraka sana, na ukifika kwenye ghorofa unaishiwa na urefu.

Halafu kuna jambo ambalo sisi watu wa mjini hatupendi kulisikia. Maji mengi tunayokunywa hayatoki hata kwenye kaunti yetu. Bwawa la Chebara, kwenye Mto Moiben, liko Elgeyo Marakwet. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini, na tukapiga honi usiku kucha. Jirani anayetuchotea maji amekuwa akiuliza kwa miaka mingi atapata nini, hasa pale bomba linapopita kando ya boma ambalo mfereji wake haujawahi kutoa tone. Swali hilo tunaliita siasa. Mimi naliita bili.

Na tukikataa kulipa, kuna njia ya pili ya kulinda vyanzo vya maji, na tayari tumeiona. Katika msitu wa Embobut, kwenye milima ya Cherangani, Wasengwer walichomewa nyumba na kufukuzwa kwa jina la kuhifadhi maji. Januari 2018 mmoja wao alipigwa risasi akafa, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha ufadhili wa mradi wa euro milioni 31 uliokusudiwa kulinda vyanzo vya Cherangani na Mlima Elgon. Maji yakapata damu, na vyanzo havikupata ulinzi. Anayesema "wafukuzwe tu, mto ni wa wote" aeleze kwanza kwa nini "wote" huwa hawamjumuishi anayefukuzwa.

Kulipana si ndoto. Kwenye bonde la Naivasha, wakulima wa maua walio chini walianza kuwalipa wakulima wadogo walio juu ili wapande nyasi na miti ya kuzuia udongo. Nairobi ina mfuko wake wa maji wa Tana ya Juu tangu 2015. Eldoret tunaweza. Sehemu ya kila bili ya maji iandikwe wazi kwenye risiti kwamba inakwenda Kaptagat na Chebara, kwa mkulima atakayeacha kinamasi kikae kinamasi. Bomba la maji taka lifike Langas kabla jiji halijapanda ua lingine katikati ya barabara. Waosha magari wapewe mahali penye mtego wa oili na matope, walipie kodi ndogo, waheshimiwe kama wafanyabiashara. Na utepe wa kupimia uanze na ghorofa.

Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji. Ingieni huko, wasee, hata kama mikutano yake haina tisheti. Nendeni pia kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, vile vinavyofanywa saa za kazi ili tusiende. Na anayekuja kuomba kura Agosti 2027 asiulizwe atapanda miti mingapi. Aulizwe ni shilingi ngapi za bili yetu zinapanda mlima kurudi kwa wanaotutunzia maji, na bomba la maji taka litafika Langas mwezi gani, mwaka gani. Akikosa tarehe, mrudishieni reki yake.